Mtunza Samaki wa Kiwanda cha Karatasi

Baba yangu alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kushika gogo wala kugusa mashine. Kazi yake ilikuwa kutunza samaki. Watu wakisikia hivyo walicheka. "Samaki kiwandani? Wanabeba magogo, au wanapanga karatasi?" Naye alikuwa akijibu bila hata kutabasamu, "Wale ni wakaguzi. Mimi karani wao tu."

Nieleze kidogo, maana asiyeijua kazi hiyo hataelewa kwa nini baba yangu alikufa macho yake yakiwa mlangoni.

Magogo yakishakatwakatwa na kupikwa hugeuka rojo zito la kahawia, rangi ya mfuko wa saruji. Ukitaka karatasi ya daftari, lazima rojo hilo ling'arishwe kwanza. Miaka ile waling'arisha kwa gesi ya klorini, iliyokuja katika mitungi mirefu. Wafanyakazi wa idara hiyo ungewatambua hata sokoni, kwa macho mekundu na nguo zilizopauka mabegani. Rojo likishakuwa jeupe lilioshwa, na maji yaliyoliosha yalipitia mabwawa matatu ili yatulie, kisha yakaingia mtoni. Kabla hayajafika mtoni, sehemu yake ilielekezwa kwenye tanki la saruji, kubwa kama chumba cha kulala, lenye perege sitini. Hapo ndipo alipokuwa baba. Kila siku saa moja asubuhi aliwahesabu, akaandika kitabuni wangapi wazima na wangapi wamekufa. Wakifa zaidi ya watano, kanuni ilisema maji yafungwe, na maji yakifungwa mashine zote zinasimama.

Juma lake la kwanza walikufa kumi na wawili. Alikwenda mbio kwa msimamizi wa zamu, kofia mkononi.

"Taratibu, mzee," msimamizi akamwambia. "Umeshaandika?"

"Bado."

"Vizuri. Hebu njoo huku."

Nyuma ya stoo kulikuwa na pipa lenye perege wazima, waliovuliwa upande wa juu wa mto, kule yasikofika maji ya kiwanda.

"Kitabu kinauliza wazima wangapi saa moja," msimamizi akasema. "Hakiulizi walilalaje. Toa wale, tia hawa, halafu hesabu. Hapo utakuwa umesema uongo wapi?"

Baba alikuwa na watoto wanne, mimi nikiwa wa kwanza, na mama alikuwa mjamzito. Kabla ya hapo alikuwa amezunguka miaka miwili akitafuta vibarua. Akatoa wale, akatia hawa, akahesabu. Akaandika: wazima sitini.

Alifanya hivyo miaka kumi na minne. Alifika kazini kabla ya wenzake, akawatoa waliokufa kwa wavu wa mpini mrefu, akawafukia kando ya ukuta na kuwamwagia chokaa. Nyumbani hatukujua lolote. Tulichojua ni kwamba alikuwa hali samaki.

"Mume gani huyu!" mama alikuwa akimtania. "Kutwa anashinda na samaki, nikimpikia anamkimbia kama kamwona mkwe."

"Mtu hali wafanyakazi wenzake," baba alimjibu, na sisi watoto tukacheka mpaka tukapaliwa.

Alikuwa mtu wa sala. Hakutoka nyumbani bila kupiga magoti, na hakuna siku niliyomsikia akimlaani mtu. Nayasema haya si kwa kumtetea. Nayasema kwa sababu ndivyo alivyokuwa, na yote mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja. Baadaye aliniambia jinsi alivyoituliza nafsi yake: samaki wa tanki hufa tu. Mahali padogo, jua kali, chakula pumba. "Nilijiambia ni tanki, mwanangu," alisema. "Nilijiambia si maji."

Mdogo wake aliyemfuata, ambaye kwetu ni baba mdogo, alikuwa na bustani ya nyanya na vitunguu kando ya mto, mwendo wa nusu saa chini ya kiwanda. Tumbo moja, ziwa moja, na utotoni walivaa shati moja kwa zamu. Baba alikuwa mkimya, baba mdogo akawa na maneno ya watu wawili. Kila kiangazi kikianza, kabla hajafungua mfereji wake, alipitia kwetu.

"Hodi! Kaka yumo, au kahamia tankini?"

"Karibu, acha utani wako."

"Samaki wanasemaje mwaka huu?"

"Wazima."

"Wote?"

"Sitini."

"Basi nafungua maji. Wasalimie sana. Waambie wakichoka kuajiriwa waje kwangu, kikaango kipo."

Wote walicheka. Baba naye alicheka, lakini alicheka akiwa ameinamia kamba za viatu vyake.

Kuna siku mto ulikuja na rangi ya chai ya rangi, na povu limeshikana kwenye matete. Majirani wa bondeni waliuliza. Aliyewajibu ni baba mdogo, tena kwa fahari. "Kaka yangu ndiye anayewahesabu wale samaki. Akisema wazima, ni wazima." Wakachota, wakapika, wakamwagilia, wakavua kambare wa topeni, wakala.

Mwaka wa kumi na mmoja wa kazi ya baba, mama mdogo, mke wa baba mdogo, alianza kuumwa. Ini. Macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa, mikono ikabaki mifupa. Haikufika miezi minane. Daktari hakusema ni mto. Hakusema pia kwamba si mto. Alisema hajui, na mimi nalishika neno lake hilo mpaka leo, kwa sababu sitaki kumwongezea baba yangu dhambi ambayo Mungu mwenyewe hajanionyesha.

Siku tuliyomzika, watu walipoanza kutawanyika, baba mdogo alimshika baba kiganja, wakabaki wawili kando ya kaburi. Mimi nilikuwa hatua chache nyuma yao na mwavuli.

"Kaka, niambie kindugu. Ni maji?"

Baba alitazama ule udongo mbichi.

"Samaki wazima," akasema.

Baba mdogo akashusha pumzi, akamkumbatia. "Basi ni Mungu," alisema. "Na Mungu sina ugomvi naye."

Ilipita miaka mitatu. Wanunuzi wa mbali wakaanza kuikataa karatasi iliyong'arishwa kwa klorini, na sheria nayo ikabana, basi kiwanda kikalazimika kubadilika. Mitungi ya gesi ilipakiwa kwenye malori ikaenda zake. Pakajengwa mnara wa chuma ambamo rojo lilipulizwa oksijeni kwanza, na maji machafu ya hatua hiyo hayakutoka tena nje. Yalirudishwa ndani yakachomwa kwenye tanuru. Kisha rojo lilimaliziwa kwa peroksaidi, jamaa ya ile dawa ya povu wanayosafishia vidonda hospitalini. Karatasi za kwanza zilitoka na weupe wa maziwa yaliyodondoshewa chai. "Wametia majani!" wafanyakazi walitania. Lakini koo hazikuwasha tena, na mtu aliweza kumaliza zamu bila kukohoa.

Baba alifika asubuhi moja na wavu wake, hakukuta wa kutoa. Akahesabu, akarudia, akarudia tena. Sitini. Kesho yake sitini, na keshokutwa hivyo hivyo. Mwezi ulipokwisha alilimwaga lile pipa la nyuma ya stoo, samaki wake akawarudisha mtoni upande wa juu. Ulipita muda, ndipo siku moja aliona kitu ambacho katika miaka yote ile hakuwahi kukiona. Perege huficha watoto wake mdomoni. Jike mmoja alikuja karibu na uso wa maji, akafungua mdomo, wakatoka vidagaa wengi kama vumbi, wakamzunguka, kisha wakarudi wote ndani.

Mtu mwingine angefurahi. Baba alirudi nyumbani akapanda kitandani na viatu vyake. Alilala hapo siku tatu. Mama alidhani ni homa, akamfunika mablanketi mawili. Siku ya nne aliniita, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikisali naye, akanieleza yote tangu pipa.

"Tanki ni lile lile," alisema. "Jua lile lile, pumba zile zile. Kilichobadilika ni maji peke yake. Sina tena pa kujificha, mwanangu."

Mama aliposikia alikaa chini. Kisha akasema, "Nyamaza nalo. Mwombe Mungu msamaha, basi yaishe. Wafu hawarudi."

Baba akanigeukia mimi. Nami nikasema nilichofundishwa na nilichokiamini: kwamba toba isiyofika kwa uliyemkosea imekwama njiani. Mimi ndiye niliyesema. Na palikuwa na sababu nyingine. Dada wa maabara pale kiwandani alikuwa amemweleza baba kwamba maji sasa yamepona, ila tope la chini ya mto bado limebeba sumu ya miaka ile, na kambare wanaolala humo wasiliwe mpaka miaka kadhaa ipite. Baba mdogo alikuwa anakula kambare kila juma. Kumwonya bila kumwambia ukweli kusingewezekana, kwa sababu swali lake la kwanza lingekuwa, sumu gani, na samaki walikuwa wazima?

Tulikwenda Jumamosi asubuhi, mimi na baba. Tulimkuta anapandikiza miche ya nyanya, magoti yote matope.

"Ehee! Leo karani mkuu kaja mwenyewe, na mlinzi juu!" baba mdogo alipiga kelele. "Samaki wanasemaje?"

"Safari hii wazima kweli," baba akasema.

"Safari hii? Kwani safari zile?"

Baba alivua kofia. "Ndugu yangu, wale niliokuwa nakwambia wazima walikuwa wengine. Nilikuwa nawabadilisha kila asubuhi. Waliolala tankini walikuwa wanakufa."

Baba mdogo alicheka kidogo, kama mtu anayesubiri mwisho wa kichekesho. Alipoona hakuna mwisho mwingine, akasimama.

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Na siku ya mazishi?"

"Na siku ya mazishi."

"Walikufa wangapi siku ile?"

Baba angeweza kusema amesahau. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Kumi na tisa," akasema.

Baba mdogo alianza kufuta mikono kwenye suruali, kidole kimoja kimoja. "Alitaka kuchota kisimani," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Mke wangu. Alisema maji ya mto yanamchefua. Kisima kiko mbali, nikamwambia acha kudeka, maji yamepita kwa kaka. Mimi ndiye niliyemkataza."

"Nisamehe," baba akasema.

"Mwanangu," baba mdogo aliniambia mimi, "mrudishe baba yako nyumbani. Jua limeshakuwa kali."

"Na kambare, ndugu yangu. Kambare wa topeni msi..."

"Nimesikia."

Akapiga magoti tena kwenye miche yake, akatupa mgongo. Tukarudi. Njiani baba alisimama mara mbili kushika uzio wa watu.

Aliendelea na kazi karibu miaka miwili baada ya hapo, akihesabu kweli na kuandika kweli. Kisha moyo ulianza kumshinda. Miguu ilivimba, akawa hawezi kulala chali, akastaafishwa. Aliomba kitanda chake kihamishiwe sebuleni, mkabala na mlango. Mama alilalamika kwamba wageni watamkuta na shuka. Kila aliposikia hatua nje aliinua kichwa.

"Ni yeye?"

"Ni muuza mkaa."

"Ni yeye?"

"Ni watoto wa jirani, baba watoto. Lala."

Nilikwenda kwa baba mdogo mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona kwa mbali akiingia ndani na kufunga mlango. Mara ya pili aliongea nami akiwa dirishani: "Nimesikia anaumwa. Namwombea." Mara ya tatu alitoka, akakaa nami kwenye benchi nje. Alikuwa amezeeka ghafla, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola.

"Sijaweza, mwanangu. Nimejaribu. Nafika mpaka darajani, miguu inagoma."

Nilimpelekea baba neno hilo, maana sikuwa na jingine. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu augue.

"Darajani?" alisema. "Darajani ni karibu. Akishafika darajani, huku ni robo saa tu." Akamwomba mama amnyoe ndevu.

Alikaa amenyolewa siku tisa. Mama alikuwa akimnyoa upya kila asubuhi, akiimba wimbo wa kusifu kwa sauti ya chini ili asilie. Siku ya tisa ilikuwa Jumatano. Saa nne asubuhi mama alikuwa akimpa maji kwa kijiko, nami nakunja nguo. Tukasikia ndala uani. Baba aliinua kichwa peke yake, bila kusaidiwa. Mlango ukasukumwa. Alikuwa jirani, anarudisha chekeche la unga.

Baba alimtazama, akamwambia karibu, akaweka kichwa chini. Maji yaliyokuwa kwenye kijiko kilichofuata yalimtoka pembeni mwa mdomo.

Baba mdogo alikuja kwenye mazishi. Alisimama nyuma kabisa, akatupia udongo wake wa mwisho watu walipokwisha kugeuka. Sikuwa na nguvu ya kumwendea.

Wakati wa kuosha vyombo, mama mmoja wa kule bondeni, ambaye simfahamu vizuri, alinisogelea na kitambaa begani. "Pole sana, binti," akasema. "Na tunashukuru kwa baba yako. Sisi kule hatuli kambare mwaka wa tatu huu. Kwa ajili yake."

Nilimwambia sielewi.

"Si baba yako mdogo alikuja nyumba kwa nyumba? Alitukataza. Tukamuuliza, sumu ya nini tena, na mto umekuwa mweupe hivi? Nani kasema? Akasema, 'Kaka yangu kasema, na yeye ndiye anayejua.' Basi tukaacha."

"Lini hiyo?"

"Mbona zamani! Juma lile lile mlilokuja bustanini."

Niliiacha sufuria ndani ya maji nikaenda kumtafuta. Nilimkuta anaanza kuondoka, ameshafika njiani. Nilimuuliza ni kweli. Akakubali kwa kichwa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, siku ile kwenye benchi, kwamba alimwamini baba tangu juma lile, kwamba alibeba neno lake nyumba kwa nyumba na kulitia jina la baba. Lingemtosha. Angelilalia kama mto wa manyoya.

Baba mdogo alirudi hatua moja kwangu.

"Nilitaka nimwambie mwenyewe," alisema. "Lile halikuwa neno la kumtuma mtu. Nilitaka akae hivi, nami nikae hivi, nimwambie. Nilidhani nina siku."

Alilia pale njiani, mtu mzima, watu wakipita. Nilipaswa kumshika. Sikumshika.

Sasa ni mwezi wa saba tangu tumzike. Baba yangu nimemsamehe, sina kinyongo naye hata chembe, na naamini Mungu amempokea, kwa sababu alitubu kwa kinywa chake mbele ya aliyemkosea, na wachache wetu wanaweza kusema hivyo. Baba mdogo huja kwetu kila Jumapili. Anamletea mama nyanya, anakaa sebuleni, haongei sana siku hizi. Mimi humkaribisha, humpa kiti, humwuliza hali. Akishaondoka huingia chumbani nikapiga magoti, nikamwomba Mungu anipe moyo wa kumsamehe kwa neno lile jema alilolificha. Naomba kila Jumapili. Bado sijaweza.